Hekalu Chini ya Jiji: Mithras wa London na Swali la Vijana Wetu

Mwezi Machi 2023, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Leicester, nchini Uingereza, walitoa taarifa ya yale waliyoyakuta katika bustani ya Kanisa Kuu la Kianglikana la jiji hilo. Baada ya kuondoa mabaki ya watu zaidi ya 1,100 waliozikwa hapo kwa karne nyingi, walifika takriban mita tatu chini ya ardhi, wakakuta chumba cha jengo la Kirumi. Kuta zake za mawe zilikuwa zimepakwa rangi, na ndani ya kifusi chake kulikuwa na kipande cha altare ya jiwe chenye vipimo vya sentimita 25 kwa 15. Kwa muda mrefu wenyeji wa Leicester walikuwa wakisimuliana kwamba kanisa lao limesimama mahali palipokuwa na hekalu la Warumi. Jiwe hilo dogo limeyapa uzito masimulizi ya wazee.

Kwa msomi wa historia, habari kama hii ni furaha tupu. Kwa mwamini wa kawaida, hasa kijana mwenye simu mkononi, mara nyingi humfikia ikiwa imefungwa pamoja na hoja nyingine: kwamba Kanisa lilijengwa juu ya mahekalu ya kipagani kwa sababu imani yenyewe ilichotwa humo. Kila Noeli inapokaribia, ujumbe wa aina hiyo huzunguka katika makundi ya WhatsApp. Husema kwamba kabla ya Kristo palikuwa na mungu aitwaye Mithras, aliyezaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, aliyekuwa na wafuasi kumi na wawili, aliyekula nao karamu ya mkate, akafa na kufufuka siku ya tatu. Kijana anausoma, anaupeleka kwa katekista wake, naye katekista, kwa kukosa la kujibu, anamwambia aache kusoma mambo ya kupotosha.

Jibu hilo halitoshi. Kijana anayeambiwa asiulize huondoka na swali lake, na siku moja huondoka moja kwa moja. Mtume Petro aliwaasa Wakristo wawe tayari daima kumjibu kila mtu anayewauliza habari za tumaini lililo ndani yao, tena kwa upole na heshima (1 Pet 3:15-16). Kwa moyo huo tulitazame hekalu moja lililofukuliwa chini ya jiji kubwa la kisasa. Altare ya Leicester haijatuambia iliwekwa kwa heshima ya mungu gani. Hekalu la London, lililofukuliwa mwaka 1954, limesema mengi zaidi, na mungu wake ndiye huyo huyo anayetajwa katika ujumbe wa simu.

Foleni katikati ya magofu

Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mabomu ya Ujerumani yaliteketeza sehemu kubwa ya kitovu cha zamani cha London. Vita vilipokwisha, kabla ya majengo mapya ya ofisi kuinuliwa, wanaakiolojia walipewa nafasi ya kuchimba. Katika eneo la Walbrook, ambako zamani kilipita kijito kilichokwisha kufukiwa, kazi iliongozwa na W. F. Grimes. Waliibua kuta za jengo lenye urefu wa takriban mita 18 na upana wa mita 8: ukumbi wa kati, njia mbili za pembeni zilizotengwa kwa nguzo saba kila upande, na mwishoni sehemu ya nusu duara iliyoinuliwa. Umbo lake lilikuwa kama la kanisa dogo, hata mwanzoni palikuwa na matumaini kwamba huenda ni kanisa la Wakristo wa kwanza wa Uingereza.

Tarehe 18 Septemba 1954, siku ambayo uchimbaji ulikuwa umepangwa kumalizika, kilipatikana kichwa cha marumaru cha kijana mwenye kofia iliyokunjika kwa mbele, macho yake yakitazama juu. Alikuwa Mithras. Picha yake ilipotokea gazetini kesho yake, watu walianza kumiminika. Inakadiriwa kwamba takriban watu 400,000 walipanga foleni ndefu katikati ya magofu ili kuliona hekalu hilo. Suala la kulihifadhi lilijadiliwa hadi katika Baraza la Mawaziri la Winston Churchill. Hatimaye mawe yaliondolewa, na mwaka 1962 yakajengwa upya umbali mfupi kutoka mahali pake. Kazi hiyo ilikosolewa sana kwa kutofanana na hekalu la asili. Baadaye kampuni ya Bloomberg ilijenga makao yake ya Ulaya katika eneo lile lile, na tangu Novemba 2017 hekalu limerudishwa karibu na mahali pake pa asili, mita saba hivi chini ya barabara, na wageni huingia bila malipo.

Ni vema tujiulize kwa nini watu wale walipanga foleni. Jiji lao lilikuwa limebomolewa, na wengi walikuwa wamezika ndugu zao. Wakaambiwa kwamba chini ya vifusi vyao kuna mahali ambapo, karne kumi na saba zilizopita, watu wengine wa jiji hilo hilo waliinua macho yao na kusali. Mtakatifu Paulo, alipopita katika mitaa ya Athene na kuona madhabahu zao, alichukizwa na sanamu, lakini aliwatambua Waathene kuwa watu wa dini sana, na kutoka hapo akaanza kuwahubiria (Mdo 17:16-31). Mkristo anaweza kusimama mbele ya jiwe la kipagani bila woga na bila dharau. Jiwe hilo ni alama ya kiu ya binadamu kwa Mungu.

Mithras alikuwa nani?

Jina la Mithra ni la kale sana katika dini ya Waajemi. Lakini ibada ya siri tunayoikuta katika Dola la Kirumi, yenye vyumba maalumu, ngazi za uanachama na picha za fahali, ni kitu kingine. Ushahidi wake wa kiakiolojia unaanza kuonekana mwishoni mwa karne ya kwanza baada ya Kristo, na unaenea katika karne ya pili na ya tatu. Hekalu la London lilijengwa mnamo mwaka 240. Wafuasi wake hawakutuachia kitabu chochote cha mafundisho yao. Tunachokijua kinatoka katika sanamu, michoro, maandishi mafupi ya nadhiri, na maneno ya watu wa nje waliowatazama.

Picha kuu katika mahekalu hayo ni moja: Mithras amepiga goti juu ya mgongo wa fahali, amemshika pua, na anamchoma kisu. Mwaka 1889, katika eneo hilo hilo la Walbrook, lilipatikana bamba la jiwe lenye picha hiyo. Liliwekwa na Ulpius Silvanus, askari mstaafu wa Jeshi la Pili la Augusto, ambaye huenda aliingizwa katika ibada hiyo katika mji unaoitwa leo Orange, nchini Ufaransa. Fahali na mungu wake wamezungukwa na duara la alama kumi na mbili za nyota.

Sasa tuutazame ujumbe ule wa simu. Kuzaliwa na bikira? Michoro ya Mithras inamwonesha akitokeza katika mwamba, mwenge na kisu mkononi; hakuna mama. Wafuasi kumi na wawili? Hao ni alama za nyota katika duara la Silvanus na mengine kama hilo. Hakuna habari ya mitume. Kufa na kufufuka siku ya tatu? Katika picha zote anayekufa ni fahali. Hakuna maandishi ya kale yanayosema kwamba Mithras alikufa.

Kuhusu tarehe 25 Desemba tuseme ukweli wote. Kalenda ya Kirumi ya mwaka 354 inaitaja siku hiyo kuwa kuzaliwa kwa "Asiyeshindwa", yaani mungu Jua, na Mithras naye alikuwa akiitwa Jua Lisiloshindwa. Katika mkusanyo huo huo imo orodha ya Kikristo inayoitaja siku hiyo hiyo kuwa ya kuzaliwa kwa Kristo huko Betlehemu. Wataalamu wanajadiliana hadi leo kuhusu uhusiano wa sikukuu hizo mbili. Lakini hakuna chanzo cha kale kinachosema kwamba wafuasi wa Mithras waliadhimisha kuzaliwa kwake siku hiyo. Kwa upande wetu, Kanisa halijapata kufundisha kama ukweli wa imani kwamba Yesu alizaliwa tarehe 25 Desemba. Tunachokiungama ni kwamba Neno alifanyika mwili. Siku ya kuliadhimisha fumbo hilo imepangwa na liturujia.

Mababa wa Kanisa waliona kufanana huku

Linabaki suala la karamu, na hapa hatupaswi kukana kinachoonekana. Katika vyumba vya Mithras, wanachama walikaa kwenye viti virefu vya pembeni na kula pamoja, na palikuwa na ibada ya mkate. Aliyetuachia habari hiyo ni Mkristo: Mtakatifu Yustini, mwanafalsafa na mfiadini, aliyeandika utetezi wake wa kwanza huko Roma katikati ya karne ya pili na kuuelekeza kwa Kaisari Antonino Pio. Baada ya kueleza maana ya Ekaristi, anataja kwamba katika ibada za Mithras nako huwekwa mkate na kikombe cha maji, huku maneno fulani yakitamkwa. Yeye aliona kwamba pepo wabaya wameiga. Tertuliani wa Kartago, mji uliokuwa katika nchi inayoitwa leo Tunisia, alisema jambo linalokaribiana na hilo miaka hamsini hivi baadaye.

Si lazima kila mtu akubali maelezo yao ya chanzo cha kufanana huko. Binadamu wa kila kabila hula pamoja, huoga ili kujitakasa na hula kiapo. Si ajabu dini mbili zikitumia mkate na maji bila moja kunakili nyingine. Kilicho muhimu ni kwamba jambo linaloletwa leo kama siri iliyofichwa na Kanisa liliandikwa na Mababa wa Kanisa wenyewe, na Kanisa likayatunza maandishi yao kwa zaidi ya miaka 1,800. Tena, Mtakatifu Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za usiku ule ambao Bwana alitolewa, alipotwaa mkate na kikombe, mnamo mwaka 55 (1 Kor 11:23-26). Anasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuyapokea. Maneno hayo yanatangulia ushahidi wa kwanza wa mahekalu ya Mithras katika Dola la Kirumi.

Tertuliani anaongeza jambo ambalo mleta ujumbe wa simu halijui. Anasimulia kwamba askari anayeingizwa katika ibada ya Mithras huletewa taji kwenye ncha ya upanga, naye hufundishwa kuliondoa kichwani mwake na kusema kwamba Mithras ndiye taji lake. Tangu siku hiyo havai taji tena, hata jeshini. Kisha Tertuliani anawageukia askari Wakristo na kuwaambia waone haya, kwa kuwa mpagani anamtunzia mungu wake uaminifu ambao wao wanashindwa kumtunzia Kristo. Hivyo ndivyo Mababa walivyoutumia uhodari wa majirani zao: wakati mwingine kuukana, na wakati mwingine kuwaaibisha waamini walegevu.

Mlango wa hekalu na mlango wa Kanisa

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote inaonekana katika ujenzi wenyewe. Chumba cha Walbrook hakikuwa na nafasi ya umati. Mahekalu ya Mithras yalikuwa madogo na yenye giza, mfano wa pango, kwa ajili ya kikundi cha watu wachache waliojuana. Wanachama walipanda ngazi saba: Kunguru, Bwana Arusi, Askari, Simba, Mwajemi, Tarishi wa Jua, na juu kabisa Baba. Walikuwamo askari, wafanyabiashara, watumishi wa serikali, hata watumwa na watumwa walioachwa huru; tusiwanyime haki yao katika hilo. Lakini majina yaliyohifadhiwa katika orodha zao ni ya wanaume. Mke wa Silvanus, kama alikuwa naye, na binti zake wangebaki nje ya mlango.

Linganisha na Kartago ya Tertuliani. Mwaka 203 waliuawa kwa pamoja katika uwanja wa michezo wa mji huo Perpetua, mwanamke wa familia ya heshima, na Felista, mtumwa aliyekuwa amejifungua mtoto siku chache kabla. Majina yao yanasomwa hadi leo katika Sala ya Ekaristi ya Kwanza, bibi na mtumwa wakitajwa bega kwa bega. Kanisa la wakati huo lilikuwa na udhaifu wake, kama barua za Mtakatifu Paulo zinavyotuonesha bila kuficha, lakini mlango wake wa ubatizo ulikuwa mmoja kwa wote.

Mtakatifu Yustini, katika kitabu kile kile, anaendelea mara moja kueleza Dominika ya Wakristo. Wanaokaa mijini na mashambani hukutanika mahali pamoja. Husomwa maandiko ya mitume na manabii. Anayeongoza hutoa mawaidha. Wote husimama na kusali. Huletwa mkate na divai na maji. Mashemasi huwapelekea wasiokuwapo. Kisha wenye uwezo hutoa wanachotaka, na mkusanyo huo huwekwa kwa kiongozi ili awasaidie yatima, wajane, wagonjwa, wafungwa na wageni. Mwamini wa parokia yoyote ya leo ataitambua Misa yake katika maelezo hayo ya kale. Atatambua pia kwamba karamu hiyo haikuishia kwa walioketi mezani.

Kuna tofauti ya pili, na hii ilikuwa na gharama ya damu. Mfuasi wa Mithras aliweza kutoka katika pango lake asubuhi na kuitolea sadaka miungu ya mji na sanamu ya Kaisari mchana, hakuna aliyemzuia. Ndani ya hekalu la London lenyewe zilipatikana sanamu za Minerva, Serapis na Merkuri. Mkristo hakuweza kufanya hivyo. Kanisa lilifungua mlango kwa kila mtu, lakini lilimkiri Bwana mmoja tu. Hekalu la Mithras lilikuwa na mlango mwembamba na mabwana wengi. Ndiyo maana dola halikuwa na ugomvi na Mithras, lakini liliwaua Yustini, Perpetua na Felista.

Sanamu zilizofukiwa

Mwanzoni mwa karne ya nne, mnamo miaka ya 310 hadi 320, kichwa cha Mithras wa London na sanamu nyingine zilifukiwa chini ya sakafu ya hekalu. Baadhi ya wataalamu wamedhani kwamba wafuasi walizificha kwa kuwaogopa Wakristo. Wengine wanaona kwamba ilikuwa heshima ya mwisho kwa vitu vitakatifu ambavyo matumizi yake yalikuwa yamekwisha. Jengo lenyewe liliendelea kutumika, yaelekea kwa ibada ya mungu Bacchus. Katika miaka hiyo hiyo Kanisa la London lilikuwapo: mwaka 314 askofu wake, Restituto, alihudhuria Mtaguso wa Arles huko Ufaransa ya leo, pamoja na maaskofu wengine wawili kutoka Britania. Mithras na Kristo waliabudiwa katika jiji moja, kwa wakati mmoja, na majirani.

Haitupasi kudai kwamba Wakristo hawakuvunja mahekalu mahali popote. Walivunja, na pengine kwa ukatili. Lakini mafundisho yaliyokomaa katika Kanisa yalielekea njia nyingine. Mwezi Juni mwaka 601, Papa Gregori Mkuu alimwandikia Mfalme Æthelberht wa Kent akimhimiza abomoe mahekalu ya sanamu. Kabla mwezi mmoja haujapita, akiwa ametafakari zaidi, alimwandikia abate Mellitus, aliyekuwa safarini kuelekea Uingereza: sanamu ziharibiwe, lakini majengo yaliyo imara yasibomolewe. Yanyunyiziwe maji ya baraka, zijengwe altare, ziwekwe masalia ya watakatifu, ili watu waendelee kwenda mahali walipopazoea na wamjue Mungu wa kweli. Huyo ni Papa aliyethubutu kubadili mawazo yake kwa ajili ya wokovu wa watu.

Mellitus alifanywa askofu wa London mwaka 604, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo likajengwa, si mbali na Walbrook. Mtakatifu Beda anasimulia kwamba mfalme Mkristo wa huko alipofariki, wanawe waliokuwa wapagani walimwona askofu akiwagawia waamini Ekaristi, wakadai wapewe nao ule mkate mweupe aliokuwa akipewa baba yao. Aliwaambia kwamba wakikubali kuoshwa katika maji ya ubatizo, watashiriki. Walitaka mkate bila kisima. Alipokataa, wakamfukuza. Mlango wa Kanisa uko wazi kwa wote, lakini ni mlango wenye kuingiwa kwa toba na ubatizo. Kupita tu hapo bila kugeuka si kuingia.

Huko Roma pia upo mfano wa kushikika. Mwaka 1857 Padre Joseph Mullooly, Mdominikani kutoka Ireland, alianza kuchimba chini ya Basilika ya Mtakatifu Klementi. Chini ya kanisa la karne ya 12 alikuta kanisa la karne ya nne, na chini yake tena majengo ya kale yaliyo na hekalu la Mithras na altare yake. Kanisa halikulifukia tena kwa aibu. Hadi leo Wadominikani wanaitunza Basilika hiyo, na mhujaji anaweza kushuka ngazi mpaka pango la Mithras, kisha akapanda tena mpaka ilipo Tabernakulo.

Nasi tujipime

Kwa hiyo kijana akileta ujumbe wake, asifukuzwe. Akaribishwe kwenye meza moja, waisome pamoja na katekista Barua ya Kwanza kwa Wakorintho, na aoneshwe ni kipi kina ushahidi na kipi hakina. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikani, katika tamko la Nostra Aetate la mwaka 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai lolote lililo la kweli na takatifu katika dini nyingine, huku likibaki na wajibu wa kumtangaza Kristo. Mwamini aliyeshika mafundisho hayo mawili kwa pamoja hatatetemeka kila jiwe la kale linapofukuliwa.

Lakini mawe ya Walbrook yanatuuliza na sisi. Katika miaka ya 1970, maaskofu wa AMECEA walichagua Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa msingi wa maisha ya Kanisa katika ukanda wetu, na mwaka 1995 waraka wa Ecclesia in Africa ulitupa taswira ya Kanisa kama Familia ya Mungu. Jumuiya ni kundi dogo, kama lilivyokuwa kundi la Mithras. Udogo si kosa. Hatari ni udogo unaojifungia.

Tuitazame jumuiya yetu ya wiki hii. Mithras aliwakusanya wanaume peke yao; mara ngapi jumuiya zetu zimebaki za akina mama peke yao, huku akina baba wakisubiri kuitwa siku ya msiba? Mfanyakazi wa ndani wa nyumba tunayosali anaketi pamoja nasi, au anabaki jikoni akichemsha chai? Mpangaji mpya kutoka mkoa mwingine alikaribishwa na nani? Na ndugu aliyeacha kuja kwa sababu hakuwa na pesa ya mchango, amekwisha kutembelewa, au jina lake linasomwa tu katika orodha ya wanaodaiwa? Kundi lenye ngazi za heshima, lugha ya wenyewe kwa wenyewe na mlango unaofunguka kwa wenye nacho, laweza kuwa na msalaba ukutani na bado likawa pango.

Pango la London lilikuwa na watu waaminifu kwa kiapo chao, na Tertuliani aliliona hilo. Lilikosa yatima, mjane, mfungwa na mgeni, wale ambao Yustini aliwahesabu kuwa sehemu ya Dominika. Kijana wetu atauamini ukweli wa Ekaristi atakaposikia hoja nzuri kutoka kwa katekista, na zaidi atakapoona kwamba Mkate unaomegwa altareni siku ya Dominika unawafikia, kabla wiki haijaisha, wale wasiokuwa na nafasi katika karamu nyingine yoyote.